Matawi Tuliyoyapanda Kwenye Kilima cha Machina

Nimeombwa niandike kwa ajili ya nyinyi mnaobaki nasari ya miti. Aliyeniomba alitaka nieleze vile nilitoka kibarua nikawa msimamizi. Hayo sitayaandika. Cheo ni kama kofia, ukifika nyumbani unaivua na mke wako hata haulizi uliiweka wapi. Nitaandika juu ya kilima, udongo, na miche, na watu nitawataja kwa majina, kwa sababu huku kwetu mtu akifanya mabaya tunangoja siku ya mazishi yake ndio tumsifu.

Shule niliishia darasa la nne. Mkiona sentensi imepinda, mjue hata mgongo wa mwenyewe umepinda.

Nilianza kazi msimu ule bendera ilipobadilishwa. Nilitoka kwetu Mayoni kwa miguu, siku mbili, nikalala njiani kwa shangazi. Mayoni ni nchi tambarare. Ukisimama juu ya kichuguu unaona mpaka kwa jirani wa tatu. Kwa hiyo nilipofika stesheni ya msitu, huku mashariki ya mji wa Kakamega, na kuona kile kilima kimesimama nyuma ya nyumba za wafanyakazi, nilifikiri ni wingu la mvua.

Tulikiita Machina, yaani mawe. Kutoka nasari mpaka juu ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu asiyebeba kitu. Lakini hapakuwa na mtu asiyebeba kitu.

Mkubwa wa nasari alikuwa Mzee Shivachi. Mtu mfupi, ndevu nyeupe kidogo kidevuni, miguu mitupu. Viatu alikuwa navyo, alivivaa Jumapili. Siku yangu ya kwanza aliniangalia kutoka juu mpaka chini kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Mayoni, mzee."

"Haya basi. Leo utajua kwa nini Mungu aliwapa magoti." Akanitupia gunia tupu na panga. "Twende."

Sikuonyeshwa mahali pa kulala, sikuonyeshwa choo. Tulienda kilimani. Pale chini, kando ya kijito, alisimama akasema niidunge panga ardhini. Niliidunga ikazama mpaka kwenye mpini. Udongo mwekundu, mzito, unashika kidole kama obusuma, ugali wa kwetu, uliopikwa vizuri. Tukapanda mpaka katikati, akasema tena nidunge. Ikazama nusu, ikagonga changarawe. Tulipofika juu nilikuwa napumua kama mbuzi anayechinjwa. "Dunga." Nilidunga, ncha ikaingia kama ukucha wa kidole, ikalia kling. Upepo ulikuwa baridi na nilikuwa nimetokwa jasho, nikaanza kutetemeka.

"Umeona?" akasema. "Kilima ni kimoja. Ardhi ni tatu."

Halafu akanionyesha miti. Kule chini tulikuwa tumepita mwiritsa mmoja, ule mti ambao wazee huchemsha maganda yake kwa ugonjwa wa tumbo. Ulikuwa mrefu, ukitazama kilele kofia inaanguka. Huku juu akanionyesha mwingine umesimama katikati ya mawe, urefu wake kama watu wawili waliobebana, shina limejikunja, majani madogo na magumu.

"Huu ni mtoto?" nikauliza.

"Mtoto! Huu alikuwa hapa kabla babu yako hajatahiriwa."

"Lakini si ni mwiritsa kama ule wa chini?"

"Ni ndugu. Ule alilelewa na shibe. Huyu alilelewa na njaa na upepo. Sasa chukua mtoto wa shibe ulete hapa." Akacheka. "Atakufa akiuliza chakula kiko wapi."

Hilo ndilo somo la kwanza, na kusema kweli ndilo karibu somo lote. Mbegu ya juu irudi juu, ya chini ibaki chini. Mbegu za mwiritsa wa juu zilikuwa zinaiva nyuma ya zile za chini, kwa hiyo kila mwaka tulipandanga kilima mara mbili kuziokota. Na huwezi kuziweka kwenye kopo ungoje ukiwa na nafasi. Mbegu ya mwiritsa ikikauka imekufa. Unaosha nyama yake, unaianika kivulini kidogo tu, unaitia kwenye kitanda cha nasari upesi.

Lile gunia nalo lilikuwa la udongo. Mzee alichimba pale chini ya mti wenyewe, kwenye mizizi midogo, akasukuma majani yaliyooza pembeni, akanijazia. Tuliuita udongo wa mama. Tulichanganya karai moja la udongo wa mama na makarai sita ya udongo wa kawaida, ndipo tukajaza zile karatasi za nailoni za kukuzia miche. Nilimuuliza ndani kuna nini.

"Sijui," akasema. "Najua tu ukimnyima, mche unakaa kama mgeni kwa harusi ya watu wengine. Yupo, lakini hali."

Miaka mingi baadaye alikuja msomi mmoja na hadubini, akatuonyesha nyuzi nyeupe za ukungu zinazofunga mizizi na kuisaidia kunywa. Alitueleza asubuhi nzima. Mimi nilikuwa nimeelezwa tayari, kwa maneno machache, na gunia mgongoni.

Ile miaka ya kwanza niliipenda, sitadanganya. Tulikuwa watu kumi na wawili. Asubuhi umande, mchana jua, saa tisa mvua inashuka kutoka ukuta wa milima ya Nandi kama mtu anayekuja kudai, na tunakimbilia chini ya banda la nyasi. Pale tulikula obusuma baridi na mrenda, Mzee akitupima akili kwa majani. Anatoa jani alilolificha mgongoni, anasema, "La juu au la chini?" Ukikosa unamwagilia vitanda vya mwenzako kesho. Nilimwagilia vitanda vya watu mwaka mzima. Vyombo vyetu vilikuwa jembe, panga, sururu, makarai, kamba yenye mafundo, na makopo ya maziwa tuliyotoboa kwa msumari tukapata ndoo za kumwagilia. Kopo langu lilikuwa na matundu makubwa sana, kwa hiyo miche yangu ilikuwa inaoga badala ya kunywa.

Mzee alitufundisha pia kutofyeka safi. Kwenye kilima, alisema, vichaka vinatangulia, halafu mti. Kichaka kinashika udongo, kinatoa kivuli, kinavunja upepo. Wewe fungua tu tundu dogo katikati yake, kama unamtengenezea mtoto mahali pa kulala kati ya ndugu zake, upande mche hapo. Ukifyeka safi, mvua ya kwanza inateremsha udongo mpaka kijitoni, na jua la Januari linamalizia.

Basi, akaletwa forista mpya, yaani ofisa mkubwa wa msitu. Jina lake Bwana Indusa. Alikuwa kijana, amesoma chuo, suruali yake imepigwa pasi ikasimama kama ubao. Nitamtendea haki kwanza: njia za kuzuia moto tulizo nazo mpaka leo alizichora yeye, na zimetuokoa. Lakini alikuwa na ugonjwa wa watu wengi wa miaka ile. Alitaka kila kitu kionekane kutoka barabarani.

Siku moja alipita kwenye vitanda na nyapara wake, Joram, mimi nikimwagilia pembeni ya Mzee. Huyu Joram alikuwa mtu wa kutembea nusu hatua nyuma ya mkubwa, na kikohozi chake kilikuwa kinakubali kabla mkubwa hajamaliza kusema. Walifika kwenye miche ya mbegu za juu. Ilikuwa mifupi, shina nene, majani madogo. Kando yake ilisimama miche ya mbegu za chini, mirefu, kijani kibichi, inapepea.

"Mzee, hii vibete ni ya nini?" Bwana Indusa akauliza.

"Ni ya Machina, bwana. Ya kule juu."

"Kilima kinaonekana kutoka barabara kubwa, na wewe unataka kukipandia vibete?"

"Bwana, ile mirefu ni ya bondeni. Kule juu haitaona Pasaka ya pili."

Joram akacheka. "Mzee huyu anaongea na miti, bwana. Miti inamjibu kwa Kiluhya."

"Waambie wapande mirefu," Bwana Indusa akasema. "Na kilima kifyekwe chote. Nataka mistari."

Tulifyeka. Mwezi mzima tulifyeka Machina mpaka kikawa kama kichwa cha mtu aliyefiwa. Mvua za Aprili zilipoingia tukapanda ile mirefu kwa kamba, mstari baada ya mstari, kutoka chini mpaka kwenye mawe. Lazima niseme ilipendeza. Ukisimama barabarani ungesema ni jeshi linapanda mlima. Mzee Shivachi alipanda pamoja nasi, kwa sababu amri ni amri, lakini kila jioni alikuwa anasimama kwenye kijito akiangalia maji yanavyopita mekundu.

Ile ya chini ilishika. Ya katikati ilishika nusu. Ya juu ilikaa kijani mpaka Oktoba, ikisaidiwa na mvua, halafu upepo wa Desemba ukaja. Majani mapana yale, mizizi haijashika kitu. Kufika katikati ya Januari, sehemu yote ya juu ilikuwa vijiti vya kuwashia moto.

Wiki hiyohiyo habari zikaja kwamba mkubwa kutoka Nairobi atapita kutazama upandaji mpya. Na wiki hiyohiyo Mzee Shivachi alipata habari za msiba: dada yake aliyeolewa Shianda amefariki. Aliomba ruhusa, akaenda kuzika.

Siku moja kabla ya mgeni, Bwana Indusa alituita. Joram alikuwa ameshaandaa mapanga. Amri ilikuwa fupi: ng'oeni vijiti vyote vya juu, kateni matawi mabichi ya mwiritsa kule bondeni, urefu wa kiunoni, yenye majani mazuri, mkayasimamishe kwenye mashimo yaleyale.

Tulitazamana. Mtu mmoja akauliza, "Matawi, bwana? Bila mizizi?"

"Wewe mizizi umeiona kutoka barabarani lini?" Joram akajibu.

Tulicheka. Sasa ndio najua kwamba kile kicheko ndicho kilitumaliza. Tulipanda matawi siku nzima, tukitaniana. Huyu anauliza mwenzake tawi lake litazaa lini, yule analibatiza lake jina la Joram. Nilikuwa mwepesi kuliko wote. Joram alinisifu mbele ya watu kwamba Zakaria wa Mayoni ana mkono mzuri. Mkono wangu ulikata, miguu yangu ikakanyaga udongo ukakaza.

Mgeni alifika kesho yake, akasimama kando ya gari, akaweka mkono juu ya macho, akasema kazi ni nzuri sana. Hakupanda. Alikunywa chai akaenda.

Mzee Shivachi alirudi siku iliyofuata. Hakuenda hata nyumbani kwake, alikwenda moja kwa moja kilimani, kwa sababu kutoka mbali alishangaa kuona kijani. Nilimfuata. Alishika tawi la kwanza kwa vidole viwili, likatoka kama kisu kwenye siagi. La pili. La tatu. Alikuwa ametoka kuzika dada yake, nguo bado zina vumbi la Shianda.

"Zakaria," akasema, "nani amezika matawi hapa?"

Nikasema ilikuwa amri. Hilo nilisema, kwake peke yake. Halafu akashuka mpaka ofisini akamwambia Bwana Indusa waziwazi kwamba ataripoti kwa wakubwa wa mkoa.

Lakini mwenye kalamu ana mbio kuliko mwenye jembe. Barua ya Bwana Indusa ilitangulia. Ilisema miche imekufa kilimani kwa sababu mkubwa wa nasari alizoea kuleta udongo mchafu wa porini, wenye magonjwa, kinyume cha maagizo. Wakaja maofisa wawili kuuliza. Kila mmoja wetu aliitwa ndani peke yake. Kabla sijaingia, Joram alinisogelea mlangoni akanong'ona, "Kumbuka panga ilikuwa kwa mkono ya nani." Mimi nilikuwa kibarua niliyeahidiwa kuandikwa kazi ya kudumu mwezi ule, na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza.

Ofisa akaniuliza, "Miche ya kilimani ilitoka kwa nani?"

"Kwa Mzee Shivachi, bwana."

"Na ilikufa?"

"Ilikufa."

"Ni kweli alikuwa anachanganya udongo wa porini?"

"Ni kweli, bwana."

"Kuna jambo lingine unalolijua?"

Mzee alikuwa ameshajieleza, akabaki amekaa pale kwenye kona, kofia magotini, ananitazama. Niliangalia sakafu. Nikasema, "Hapana, bwana."

Neno moja tu. Mengine yote nilisema kweli.

Alifukuzwa kazi kwa kuua miti ya serikali. Alipewa wiki moja atoke kwenye nyumba ya stesheni, nyumba aliyolelea watoto watano. Nilimsaidia kubeba kitanda mpaka kwenye lori, na aliponipa upande wangu wa kitanda alisema, "Shika chini, huko juu ni pabovu." Alikwenda Lugari, kwenye mashamba yaliyoachwa na wazungu, ambako mwanawe mkubwa alikuwa amepata kipande. Alilima mahindi.

Ile miche mifupi, vibete, Bwana Indusa aliagiza itupwe. Mimi ndiye niliyepewa kuitupa. Niliibeba gunia kwa gunia mpaka juu ya Machina mvua za mwaka huo zilipoanza, siku za Jumapili, wenzangu wakiwa kanisani. Vichaka vilikuwa vimeanza kurudi vyenyewe. Nilifungua matundu madogo nikapanda, bila kamba, bila mstari. Mwaka wa kwanza haikukua hata upana wa kiganja. Mwaka wa tatu ilifika gotini. Nyinyi mnaopanda leo msikate tamaa na mti wa juu: unajenga chini kwanza, mizizi inatafuta nyufa za mawe, na wewe unaona umelala. Usiupe mbolea ili ukimbie. Ukikimbia utavunjika.

Bwana Indusa alihamishwa akapanda vyeo. Joram alistaafu, akawa mzee wa kanisa, anashika kapu la sadaka.

Miti ilipofika kifuani mwangu nilikwenda Lugari. Nilimkuta Mzee anapalilia. Aliniona kutoka mbali, hakuacha jembe.

"Mulembe, mzee."

"Mulembe, omwana. Chukua jembe lile, mstari wako huo."

Tulipalilia mpaka jua likawa kichwani. Nikamweleza juu ya vibete. Aliuliza maswali mengi: vimepandwa upande gani wa upepo, vichaka gani vimerudi, majani yana rangi gani. Aliposikia vimeshika alicheka mpaka akakohoa. Nikaona ni wakati. Nikasema, "Mzee, nimekuja kuomba msamaha."

Alisimama, akajiegemeza kwenye mpini.

"Kwa matawi nimekusamehe. Ilikuwa amri, na ulikuwa mjinga. Lakini uliangalia sakafu. Hiyo bado."

"Nifanye nini, mzee?"

"Unaniuliza mimi hapa katikati ya mahindi? Mimi najua sikuua miti. Hapa Lugari hakuna asiyejua. Kaseme kule ulikokataa kusema."

Nikasema nitasema. Na kila mwaka kulikuwa na sababu. Watoto shuleni, nyumba ya stesheni, mkubwa mpya asiyejulikana. Mzee Shivachi alifariki nikiwa bado natafuta mwaka mzuri. Kwenye mazishi mwanawe alisoma maisha ya marehemu kutoka kwenye karatasi. Shamba la Lugari lilipata ukurasa mzima. Juu ya miaka yote ya nasari alisoma, "Aliwahi kufanya kazi ya serikali," akapita haraka, kama mtu anayeruka matope. Nilikuwa nimesimama nyuma. Hata siku hiyo nilinyamaza.

Sasa nimestaafu, hakuna wa kunifukuza, na ujasiri wa namna hiyo hauna sifa, mnaujua. Lakini mmeniomba niandike, na karatasi hii itawekwa pale stesheni, katika ofisi ileile. Basi naandika hivi, na mwanawe Mzee apelekewe nakala Lugari:

Mimi Zakaria niliulizwa kama kuna jambo lingine ninalolijua. Ndiyo, bwana, lipo. Miche mirefu ilipelekwa juu kwa amri ya Bwana Indusa, na Mzee Shivachi alimkataza mbele ya Joram na mbele yangu. Udongo aliouleta ulikuwa mzuri. Matawi yalikatwa kwa amri ya Bwana Indusa, Joram akisimamia, na mimi nilikata mengi kuliko mtu yeyote. Mzee Shivachi hakuwepo. Alikuwa Shianda anamzika dada yake.